Kuutumia Ushahidi wa Utafiti Kitandani kwa Mgonjwa Mahututi: Mwongozo Kamili kwa Wauguzi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu wauguzi wengi, wa Unguja na wa Pemba, wamekuwa wakikwama pahala pale pale. Wanahudhuria mafunzo, wanarudi na makala mbili tatu kwenye simu, wanaandika pendekezo zuri la kurasa kumi na tano, kisha miezi mitatu ikipita wodi inafanya kazi vile vile ilivyokuwa ikifanya. Nimeyasoma mapendekezo mengi ya namna hiyo, na karibu yote yaliharibika mwanzoni: mwandishi alianza na makala aliyoipenda, halafu akaenda kumtafutia mgonjwa. Hapa tutakwenda kinyume cha hivyo. Tutaanza na tendo moja linalofanyika kitandani, tuulize utafiti unasemaje juu yake, kisha turudi kitandani tukiwa na karatasi moja tu mkononi.

Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, nao ni usafi wa kinywa kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Ni kazi ya muuguzi mwenyewe, haihitaji kifaa cha gharama, na ni eneo ambalo jibu la utafiti limegeuka ndani ya miaka michache, kiasi kwamba wengi wetu tulifundishwa darasani jambo ambalo leo halipendekezwi tena.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja litakalokaa wodini, lisilobebwa kwenda nyumbani.
- Simu au kompyuta yenye intaneti, pamoja na nywila ya HINARI.
- Nakala ya mwongozo wa wodi au wa Wizara unaohusu tendo hilo, kama upo.
- Wenzako wawili, na mmoja wao lazima awe anafanya zamu za usiku.
- Ridhaa ya muuguzi dhamana wa wodi na ya daktari anayesimamia wagonjwa mahututi.
- Wiki kumi na mbili.

HINARI ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya, na Tanzania imo katika kundi lisilolipa chochote. Nywila hupewa taasisi, haipewi mtu binafsi, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo chako au wa hospitali yako. PubMed, hifadhi ya makala za tiba kwenye intaneti, iko wazi kwa kila mtu, lakini mara nyingi utakachokipata humo ni ikisiri peke yake, yaani muhtasari wa makala, na ikisiri haitoshi kubadilisha huduma ya mgonjwa.

Kuhusu ridhaa, kuna mpaka wa kuuheshimu. Ukiwa unarekebisha utendaji wa wodi yako kwa jambo lililokwisha kuthibitishwa, ridhaa ya uongozi wa hospitali inatosha. Ukikusudia kukusanya taarifa za wagonjwa ili uchapishe matokeo, huo ni utafiti, na unahitaji idhini ya kamati ya maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar kabla hujaandika hata takwimu moja. Idhini haiombwi baada ya kazi kwisha.

## Hatua ya 1: Lipate swali kitandani

Keti wodini kwa zamu moja ukiwa na kaunta buku, uandike kila tendo ambalo wauguzi wawili wanalifanya kwa namna mbili tofauti. Mmoja anasafisha kinywa kwa pamba na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mwingine kwa shashi na maji ya chumvi, wa tatu hakigusi kinywa kabisa kwa sababu anaogopa mpira wa kupumulia utachomoka. Tofauti hizo ndizo maswali yako.

Chagua moja, ulipe sehemu nne: mgonjwa ni nani, tendo ni lipi, linalinganishwa na lipi, na matokeo unayoyatarajia ni yapi. Kwa mfano wetu swali litakuwa hivi: kwa mtu mzima aliye kwenye mashine ya kupumulia, je, kupigwa mswaki kunapunguza nimonia kuliko kufutwa kinywa kwa pamba peke yake?

Tahadhari: swali kama "tufanye nini kupunguza vifo katika wodi ya mahututi" halina jibu moja na litakumaliza nguvu. Chagua pia tendo lililomo ndani ya mamlaka ya muuguzi. Kipimo cha dawa, kiasi cha dripu na namna mashine ilivyowekwa ni mambo ya kujadiliwa na daktari. Unaweza kuyapelekea ushahidi, lakini usiyabadilishe wewe.

Utajua umefaulu pale mwenzako wa zamu nyingine atakapolisoma swali lako mara moja na akalielewa bila ya wewe kulifafanua.

## Hatua ya 2: Pima kinachofanyika sasa, kabla hujasoma chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mimi mwenyewe niliiruka nilipoanza. Tulibadilisha utaratibu wa kuwageuza wagonjwa katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi, tukaamini kwa nyoyo zetu zote kwamba vidonda vya mgandamizo vimepungua, na siku tulipoulizwa vimepungua kutoka ngapi hadi ngapi, hatukuwa na la kujibu. Utaratibu ule ukafutwa, na sikuweza kuutetea.

Kwa wiki mbili, mara moja katika kila zamu, mpitie kila mgonjwa aliye kwenye mashine na uandike mambo matatu: kinywa kimesafishwa katika zamu hii au hakikusafishwa, kimesafishwa kwa kitu gani, na kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi ngapi. Nyuzi zipime kwa programu ya simu au kwa kipimo kilichoko ubavuni mwa kitanda. Usizikisie kwa jicho, maana jicho huongeza.

Angalia kinywa chenyewe, usitegemee fomu. Fomu inaweza kuwa na alama ya vema kila baada ya saa nne, na ulimi wa mgonjwa ukawa umekauka kama kibanzi.

Sasa lipo jambo ambalo wodi ndogo hulikosea sana. Kama mna vitanda vichache vyenye mashine, msipime mafanikio kwa kuhesabu nimonia. Wagonjwa wakiwa wachache, nimonia mbili mwezi huu na sifuri mwezi ujao zinaweza kutokea kwa bahati tu, nanyi mkafurahi au mkahuzunika bure. Pimeni tendo: kati ya mara zote zilizopaswa, limefanyika mara ngapi? Kwamba tendo hilo linazuia nimonia kutathibitishwa na tafiti zenye mamia ya wagonjwa, na kazi yenu ni kuhakikisha linamfikia kila mgonjwa.

Mwisho wa wiki mbili uwe na sentensi moja ya aina hii: "Katika mara 60 tulizoangalia, kinywa kilikuwa kimesafishwa mara 22, zote kwa pamba." Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa buku.

## Hatua ya 3: Tafuta ushahidi ukianzia juu

Anza na miongozo ya vyama vya kitaalamu, kisha mapitio ya kimfumo, yaani makala zinazokusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima kwa pamoja, na baada ya hapo jaribio moja moja ambalo wagonjwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Maoni ya mtaalamu mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani, yaje mwisho. Sababu ni wakati: mapitio mazuri ya kimfumo yanakuepusha na kazi ya kusoma makala hamsini.

Tafuta kwa maneno ya Kiingereza, kwa kuwa hifadhi hizo zimepangwa kwa lugha hiyo, na utumie maneno ya sehemu nne za swali lako. Weka kikomo cha miaka kumi, isipokuwa kwa tafiti za msingi ambazo wengine wote wanazirejea. Maktaba ya Cochrane, hifadhi ya mapitio ya kimfumo, ipitie kila mara.

Kwa swali letu, utakutana na mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni mapitio yaliyochapishwa na Selina Ehrenzeller na Michael Klompas mwishoni mwa mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 15 na kuonyesha kwamba mswaki wa kila siku ulipunguza nimonia ya hospitalini kwa takriban theluthi moja, na faida hiyo ilionekana hasa kwa wagonjwa wa mashine. La pili ni mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 wa kuzuia nimonia hospitalini, ambao unautaja mswaki miongoni mwa mambo ya msingi na hapo hapo unasema klorheksidini ya kinywani isitumiwe kwa kawaida, kwa kuwa faida yake haikuthibitika na ipo hofu kwamba inaongeza vifo.

## Hatua ya 4: Isome makala yote

Nawasihi wasomaji wasiiharakishe hatua hii. Makala ya utafiti isomwe kuanzia sehemu ya mbinu, kwa sababu huko ndiko nguvu na udhaifu wake vinakokaa. Jiulize: wagonjwa walikuwa nani, na nani waliachwa nje? Waligawanywaje? Wangapi walipotea njiani? Tendo lililoandikwa kwenye karatasi, je, kweli lilifanyika?

Swali hilo la mwisho lina kisa kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Barcelona kwa wagonjwa 86 wa mashine ulionyesha kwamba waliolazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 45 walishukiwa kuwa na nimonia 3 kati ya 39, ilhali waliolazwa chali walishukiwa 16 kati ya 47. Dunia nzima ikaanza kuandika nyuzi 45. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi wakapima kwa kifaa, wagonjwa wakilengwa kuinuliwa nyuzi 45, wakakuta wastani halisi wa siku ya kwanza ulikuwa nyuzi 28 hivi, ukashuka zaidi siku zilizofuata, na nimonia haikutofautiana baina ya makundi mawili. Msomaji wa haraka atasema tafiti hizi zinapingana. Msomaji makini ataona kwamba utafiti wa pili haukulinganisha nyuzi 45 na chochote, kwa sababu nyuzi 45 hazikufikiwa, na kwamba kundi lake la pili nalo halikulala chali kabisa. Ndiyo maana miongozo mingi inataja nyuzi 30 hadi 45, na ndiyo maana katika Hatua ya 2 nimekutaka upime.

Jihadhari pia na utafiti wa hospitali moja, hata ukiwa mzuri. Mwaka 2001 utafiti kutoka Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba kuibana sukari ya damu kwa insulini kunaokoa maisha ya wagonjwa mahututi, na wodi nyingi zikaufuata. Mwaka 2009 utafiti mkubwa ulioitwa NICE-SUGAR, wenye wagonjwa 6,104 wa nchi kadhaa, ukaonyesha kinyume: walioshushwa sukari hadi baina ya miligramu 81 na 108 kwa desilita ya damu walikufa asilimia 27.5, na walioachwa isizidi 180 walikufa asilimia 24.9. Ukiona jambo jipya kabisa limethibitishwa mahali pamoja tu, liandike kwenye buku, usubiri wengine walirudie.

Kwenye takwimu, geuza kila asilimia iwe watu. Ukisoma "hatari imepungua kwa nusu", uliza nusu ya ngapi. Kutoka wagonjwa 20 katika 100 hadi 10 ni jambo kubwa, na kutoka 2 katika 1,000 hadi 1 nako kunaitwa nusu.

## Hatua ya 5: Uliza kama ushahidi huo unamhusu mgonjwa wako

Ushahidi mzuri wa ugenini unaweza kumdhuru mgonjwa wa hapa, na hili limethibitishwa katika ukanda wetu wenyewe. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania Bara waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Watoto waliopewa dripu nyingi kwa haraka, kama miongozo ya nchi tajiri ilivyoelekeza, walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na ambao hawakupewa walikufa asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100, watatu zaidi walipotea kwa sababu ya huduma iliyodhaniwa kuwa ni ya kuokoa. Lakini angalia nani walioachwa nje: watoto wenye kuharisha hawakuwemo. Muuguzi atakayeichukua FEAST akaitumia kumnyima dripu mtoto wa kipindupindu atakuwa amefanya kosa la hatari.

Ukaribu wa nchi nao hautoshi peke yake. Utafiti wa Lusaka, Zambia, wa mwaka 2017, juu ya watu wazima wenye sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) na presha iliyoshuka, ulionyesha vifo vya asilimia 48.1 kwa waliofuata utaratibu wa dripu nyingi na dawa za kupandisha presha, dhidi ya asilimia 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida. Hata hivyo, takriban tisa katika kila kumi ya wagonjwa hao walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kwa Zanzibar kiwango cha maambukizi kiko chini ya asilimia 1. Utafiti huu unatufundisha kuwa waangalifu na dripu. Kuunakili mzima mzima hapa ni jambo jingine, na uamuzi wake ni wa daktari.

Kwa mswaki wetu maswali ni mepesi zaidi. Mswaki upo? Upo, katika kila duka la mtaa. Ndugu wa mgonjwa watakubali? Kwa nilivyoona, wanakubali kwa furaha. Katika visiwa hivi usafi wa kinywa ni sehemu ya ibada, na mtoto anayemwona mama yake akipigwa mswaki akiwa hajitambui huona kwamba heshima ya mzazi wake imehifadhiwa. Waeleze tu kwamba mswaki wa mti hautumiki hapa, kwa kuwa nyuzi zake hukatika na zinaweza kubaki kooni. Kuna sakshini, yaani mashine ya kufyonza mate, inayofanya kazi karibu na kila kitanda, hata umeme unapokatika? Kama jibu ni hapana, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya mswaki.

## Hatua ya 6: Andika utaratibu wa ukurasa mmoja

Ukurasa wa pili hausomwi saa nane ya usiku. Kwa mfano wetu, utaratibu utakuwa huu, mara mbili kwa siku:

1. Nawa mikono, vaa glavu, barakoa na kinga ya macho.
2. Mwite mgonjwa kwa jina lake na umweleze unachokwenda kufanya, hata kama amelazwa usingizi wa dawa.
3. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, ila kama daktari amezuia, kwa mfano kwa jeraha la uti wa mgongo au presha iliyoshuka sana.
4. Soma alama ya sentimita ya mpira wa kupumulia ilipo kwenye meno, uiandike. Pima shinikizo la puto la mpira: liwe baina ya sentimita 20 na 30 za maji.
5. Fyonza mate yaliyomo kinywani.
6. Kwa mswaki laini wenye kichwa kidogo, kama wa mtoto, uliolowanishwa kwa maji yaliyotakaswa, safisha meno, ufizi na ulimi, huku mwenzako akiushika mpira na sakshini ikifanya kazi muda wote.
7. Fyonza tena, paka midomo mafuta ya kulainisha.
8. Soma tena alama ya mpira. Isipolingana na ya mwanzo, mwite daktari hapo hapo.

Simama mara moja oksijeni ikishuka chini ya kikomo alichowekewa mgonjwa, au damu ikitoka bila kukoma. Mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri atafutwa kwa shashi laini hadi daktari aamue vingine. Kila mgonjwa awe na mswaki wake wenye jina, ukaushwe ukiwa umesimamishwa, mbali na sinki. Ukianguka sakafuni hutupwa.

Peleka ukurasa huu kwa muuguzi dhamana na daktari wausahihishe, watie saini na tarehe. Bila saini mbili hizo haubandikwi.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye kitanda kimoja

Anza na kitanda kimoja kwa siku tatu. Utagundua mambo ambayo hakuna makala iliyoyataja: mswaki ni mrefu mno kupita pembeni ya mpira, au saa uliyopanga inagongana na makabidhiano ya zamu. Rekebisha ukurasa, kisha nenda kitanda cha pili, na baada ya wiki mbili uende wodi nzima.

Hapa ndipo yule mwenzako wa usiku anapohitajika. Mabadiliko yanayofundishwa asubuhi tu hufa jioni. Yeye awaoneshe wenziwe kwa mikono, mgonjwa kwa mgonjwa, na kila makabidhiano yawe na swali moja: kinywa kimesafishwa saa ngapi?

Muuguzi mkongwe akipinga, msikilize mpaka mwisho. Mara nyingi anapinga kwa sababu amewahi kuuona mpira ukichomoka, na hofu yake ni ya haki. Mpe yeye kazi ya kuushika mpira na kusoma alama.

## Hatua ya 8: Pima tena kwa kipimo kile kile

Kuanzia wiki ya nane rudia Hatua ya 2 bila kubadilisha chochote: idadi ile ile ya kupita, maswali yale yale, mtu yule yule ikiwezekana. Weka namba mbili kando kwa kando. Hesabu pia madhara: mipira iliyosogea, oksijeni iliyoshuka, ufizi uliotoka damu. Umefaulu kama tendo linafanyika walau mara nane katika kila kumi, usiku na mchana, na madhara hayakuongezeka.

Likiwa limekwama kwenye mara tano katika kumi, usiandike barua ya karipio. Angalia ni zamu ipi na kitanda kipi. Ukikuta linakosekana usiku peke yake, huenda miswaki imefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake huondoka na mtu wa mchana.

Chini ya ukurasa uliobandikwa, andika tarehe ya mwaka mmoja mbele na jina la cheo cha atakayerudi kwenye HINARI siku hiyo kutazama kama kuna jipya. Karatasi ya klorheksidini iliyokuwapo kabla yake iondolewe ukutani siku ile ile ukurasa mpya unapobandikwa, ihifadhiwe kwenye faili, ili muuguzi mpya asizikute mbili zikipingana juu ya kitanda kimoja.